Wifi wa Jumba la Ziwani

Vikombe vilikuwa vinne. Fundi alijua ni vinne kwa sababu alivifunga mwenyewe asubuhi, kimoja kimoja, kwa vitambaa vilivyobaki kwenye meza yake ya kushonea. Sasa chai imekwisha kumiminwa, kila mtu kwenye mkeka ana kikombe mkononi, na yeye hana.

"Mama Kijiko, kaa ule," mumewe alimwambia. "Tumekuja kupumzika, hukuja kuhudumu."

"Nakaa."

Akanywa chai yake kwenye kifuniko cha chupa, wala hakuona ajabu. Mgeni hupewa kwanza, na mgeni alikuwapo: mwanamke mwembamba wa gauni la kijivu. Familia ilipotoka kutazama vyumba vya jumba la kale, mwanamke huyo alikuwa amekwisha kumshika mkono Kijiko, mtoto wa miaka mitano, wanateremka naye ngazi za mawe kuelekea ziwani kama watu waliozoeana. Fundi alimdhania mmoja wa dada za mumewe. Marehemu baba mkwe alikuwa na nyumba mbili, na siku ya harusi walikuja mawifi wengi hata hakuweza kuzishika sura zao zote. Kumwuliza mtu wa namna hiyo "wewe nani" ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo alifanya kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu aliyesahau sura. Alitabasamu, akasema, "Wifi, karibu. Hujambo?"

"Sijambo, wifi," yule mwanamke akajibu, na akakaa.

Hifadhi ile ilikuwa ya serikali: nyasi zilizokatwa vizuri, miti yenye vibao vya majina, na juu ya mwamba jumba la mtawala ambaye hakuna aliyemkumbuka. Ndani yake mlikuwa na makabati ya vioo yaliyojaa funguo zilizoota kutu na picha za watu wasiocheka. Chini ya jumba palichongwa pango la kuwekea mashua, na hata siku isiyo na upepo kama hiyo maji yalisikika humo yakipiga mawe, kofi baada ya kofi.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema akiinua kikombe, "chai hii umeipika, au umeyaosha majani tu?"

"Nimeyaosha, mama. Sabuni ndiyo iliyoniishia."

Walicheka. Miaka kumi na moja walikuwa wakitupiana maneno hivyo, na ndivyo walivyopendana. Mgeni naye alicheka, lakini alianza wenzake walipokuwa wamekwisha kunyamaza, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Shemeji, ongeza mkate," mume akamwambia mgeni.

Fundi akainua uso. Mwanamume hamwiti dada yake shemeji. Alingoja mumewe aende garini kuchukua maji, akamfuata.

"Umemwitaje yule?"

"Yule nani?"

"Aliyevaa kijivu."

"Shemeji. Nimwiteje basi, na ni ndugu yako?"

"Ndugu yangu yupi?" Alishusha sauti. "Mimi nimemwita wifi."

Mume alicheka kidogo, kisha hakucheka. "Kwetu hakuna mwenye sura ile. Nimedhani ni wa kwenu. Watu wa kwenu hawaishi kuchipuka."

"Wa kwetu nawajua wote."

"Lakini mama anamwita mwanangu."

"Mama yako humwita mwanangu hata muuza nyanya."

"Basi nitamwuliza," alisema, na akaondoka na dumu la maji kwa hatua za mtu aliyekata shauri. Alipofika kwenye mkeka, mgeni aliinua macho, akasema jambo dogo. Mume akakaa. Hakuuliza.

Fundi alibaki amesimama. Alikuwa ameshona nguo miaka kumi na minane, na jicho lake halikujua kumtazama mtu bila kwanza kutazama mishono. Kwenye gauni lile alitafuta mshono wa bega, akatafuta wa ubavu, akatafuta pindo. Hapakuwa na mshono popote. Kitambaa kilimzunguka yule mwanamke kama ganda linavyolizunguka tunda. Nyasi zilikuwa kavu, lakini chini ya gauni palilowa, na upepo ulipogeuka ulileta harufu ya tope lililokaa siku nyingi bila kuona jua.

Akapanda ngazi kwenda kwenye jumba. Mwangalizi, mwanamke mnene mwenye fungu la funguo shingoni, alikuwa akipangusa kioo cha kabati.

"Samahani, dada. Yule aliyekaa na watu wangu pale chini, ni wa hapa?"

Mwangalizi hakugeuka kutazama. "Mmekwisha kumwita?"

"Kumwita vipi?"

"Dada, shangazi, binamu. Neno lolote la undugu."

"Nimemwita wifi."

"Na wewe ndiye uliyeanza." Mwangalizi aliacha kupangusa. "Lile ni jini, mama. Halina jina lake, kwa hiyo linaishi kwa majina ya watu. Linaanza kuitwa kwa mbali, wifi, shemeji, halafu linasogea, mpaka linaitwa unavyoitwa wewe. Na kila likisogea, wewe unasogezwa."

Fundi alitaka kumwambia asimtanie. Lakini sauti ya mwangalizi ilikuwa ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

"Nifanye nini?"

"Wafanye wakuite. Akibaki hata mmoja anayekuita kwa lako, litarudi majini. Mwisho ni kengele ya kufunga, saa kumi na moja."

"Na asipobaki?"

Mwangalizi akaendelea kupangusa kioo. "Mimi nilikuja hapa kutembea siku moja tu," alisema, "na mume na watoto wawili. Mwaka huu ni wa kumi na tisa."

Fundi aliteremka ngazi mbili mbili, na alipokuwa akiteremka alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimwita kitu chochote, akakumbuka kwamba kule garini mumewe alisema "kwenu" na "kwetu" lakini yeye hakumwita, na kwamba tangu chai imiminwe Kijiko hakumjia hata mara moja, mtoto ambaye nyumbani hamwachi hata akapiga pindo moja bila kumvuta sketi.

Akapiga magoti mbele ya mama mkwe. "Mama, niambie ukweli. Chai yangu ya leo ilikuwaje?"

Mama mkwe alimtazama kwa upole, akajiweka sawa kama mtu akaavyo mbele ya mtu asiyemjua.

"Nzuri sana, dada. Ahsante. Umejisumbua."

Katika miaka kumi na moja hakuwahi kuisifu. Hapo fundi akasikia nyuma yake sauti ya mumewe, ile sauti ya kila siku, ya kuomba chumvi na kuuliza shati liko wapi, ikiita, "Mama Kijiko."

"Nipo," alijibu haraka, akageuka.

"Nipo," sauti nyingine ilikuwa imekwisha kujibu, kutoka ukingoni mwa maji, na huko ndiko macho ya mumewe yalikoelekea.

Akakimbia kuelekea ziwani, ambako yule wa gauni la kijivu alikuwa amechutama akimwosha Kijiko miguu, taratibu, kidole kwa kidole, na maji yaliyokuwa yakipiga pangoni yalikuwa yamenyamaza kabisa, hata akayasikia matone yakidondoka kutoka mikono ile, na akanyoosha mikono yake mwenyewe, yenye alama za sindano, akaifanya sauti yake iwe ya kawaida kadiri alivyoweza.

"Kijiko. Njoo kwa mama."

Mtoto alimtazama. Akamtazama yule aliyemshika miguu. Alikuwa akifikiri, hilo fundi aliliona, na aliomba kwa kila alichokuwa nacho.

"Mama huyu hapa," Kijiko akasema, akaweka mkono wake kwenye bega la kijivu.

Kule juu kengele ikalia.

Walikusanya vitu vyao bila haraka. Mume alikunja mkeka, mama mkwe akasaidiwa kuingia garini, na yule wa kijivu akaketi mbele, mahali fundi alipozoea kukaa. Mlangoni pa jumba mwangalizi alikuwa amesimama. Alikuwa amevua funguo shingoni na kuzigawa mafungu mawili, na fungu moja alilinyoosha kwa fundi.

"Dada," mume alimwita kutoka dirishani. Alikuwa mtu mwema. Ndiyo maana fundi alikubali kuolewa naye. "Gari zimekwisha hapa saa hizi. Kama unaelekea mjini, nafasi ipo nyuma."

Fundi alizitazama funguo. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akakaa kando ya mwanawe.

Gari liliondoka. Kwa mara ya kwanza yule wa mbele hakuwa akitabasamu. Alimtazama fundi kwenye kioo kwa muda mrefu, kama mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyemkuta sebuleni.

"Unashukia wapi?" aliuliza.

"Mbele kidogo."

Angeweza kusema ukweli wote, kwa sauti kubwa, nao wangemteremsha barabarani kwa huruma. Harufu ya tope ilijaa garini, na hakuna aliyefungua dirisha. Kijiko aligeuka, akamkagua tangu nywele mpaka viatu.

"Wewe ni nani?"

Fundi aliuchukua mkono mdogo, akauweka ndani ya wake. Alichagua neno la mbali, la kuanzia.

"Niite shangazi," alisema.

"Shangazi," mtoto akarudia, akaegemeza kichwa begani pake.

Mbele, mume aliendelea kuendesha. Aliyekaa kando yake akaanza kugeuza shingo, polepole, kutazama nyuma.