Kipanya cha Marehemu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta, na yeye si mtu wa kutia chumvi.

Mjane mmoja alimwita nyumbani. Kompyuta ya marehemu mumewe ilikuwa imeharibika kabisa, kanunua mpya, lakini hakuitaka ilivyo.

"Mwanangu, ifanye ifanane na ile ya zamani. Ule mstari wa kijivu chini, na ule mlio wake wa kuwaka. Mlio ule ndio ulikuwa ukiniamsha kila asubuhi."

"Mama, wenzako wanakimbilia mapya, wewe unarudi nyuma?" fundi akatania.

Mama hakucheka. Rafiki yangu anasema alitamani ardhi immeze.

Akaanza kazi. Chumba kilikuwa na giza mchana kweupe, maana mapazia hayakufunguliwa tangu msiba. Alipomaliza akaizima, akaiwasha. Mlio ukatoka, mama akajifunika uso kwa viganja.

Fundi akabofya faili. Halikufunguka. Akajaribu kitufe cha upande wa kulia, likafunguka. Vitufe vya kipanya vilikuwa vimebadilishana kazi, na yeye hakugusa mpangilio huo.

"Samahani mama, kuna mahali nimekosea."

"Hujakosea, mwanangu. Mzee alitumia mkono wa kushoto."

Fundi akasimama kumpisha. Mama akakichukua kipanya taratibu, akakiweka kushoto kwa kibodi. Kisha akarudi nyuma, akakivuta kiti kidogo, kama anavyokaribishwa mtu aliyechoka.

"Leo umechelewa," akanong'ona.

Kiti kitupu kikatoa mlio, kama kilichokaliwa na mtu mzito. Halafu kipanya: tik, tik.