Nyuso Pembezoni mwa Runinga

Runinga-rika ilipowaka, ukuta mzima wa sebule ukageuka uwanja wa mbio za roboti, na pembezoni zikachomoza nyuso za rafiki zake Tumsifu, kila mmoja akiwa kwao, katika maghorofa ya Dodoma. Mtambo huo ulipima vicheko vya kundi: kipindi kilichochekesha wengi ndicho kilichobaki. Aliyejitoa alisimamisha picha ya wote mpaka aombe radhi.

Tumsifu, msichana wa miaka kumi na mitano, aliketi mkekani na baba yake, kiziwi tangu utotoni. Zamani jioni zao zilikuwa za Mikono Inasema, tamthilia ya lugha ya alama, wakicheka mpaka chai inamwagika. Kisha siku moja Shamsa, mmoja wa rafiki hao, akawachungulia kutoka pembezoni mwa runinga.

“Shoga, kwenu mnatazama watu wanaofukuza nzi?”

Kundi zima likaangua kicheko. Kesho yake Tumsifu akamwambia baba, kwa vidole, kwamba kipindi kimefutwa.

Leo mtangazaji wa mbio alimwaga utani wake bila maandishi wala alama. Tumsifu akacheka. Baba akacheka, amechelewa kidogo. Tumsifu akacheka tena, baba akafuata. Hapo ndipo alipogeuka na kuona kwamba macho ya baba hayakuwa ukutani kabisa. Yalikuwa usoni pa binti yake, yakingoja kuonyeshwa pa kucheka.

“Mcheki mzee!” Oresto akadakia. “Anacheka kama jenereta bovu! Anaelewa nini huyo?”

Kipimo cha vicheko kikapanda hadi juu. Baba, akiona vijana wamefurahi, akawapungia mkono.

“Wenzako wazuri,” vidole vyake vilisema. “Wamenikaribisha.”

Aibu ikamchoma Tumsifu mpaka masikioni. Hao wengine hawakujua kwamba baba alicheka kwa kumfuata yeye tu. Yeye alijua.

Akainuka, akaugusa ukuta, akaita Mikono Inasema. Roboti wakaganda katika nyumba zote.

“We Tumsifu! Tulikuwa mzunguko wa mwisho!” Shamsa alifoka. “Omba radhi picha irudi, la sivyo tunakutoa kundini!”

Baba aliwatazama waigizaji wake, kisha binti yake. “Si ulisema kimefutwa?”

Tumsifu akapiga magoti mbele yake. Akarudia alama ileile kwa vidole mara kadhaa.

“Mikono hiyo inasema nini?” Shamsa aliuliza. “Ndiyo unaomba radhi?”

“Naomba,” Tumsifu akajibu bila kugeuka. “Namwomba baba. Nyie siwaombi.”