Mume wa Mjane

Siku Oktavia aliporudi kutoka mjini Njombe na habari njema, alikuta kiti cha marehemu mumewe kina joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Nyumba ilikuwa imefungwa. Akajiambia ni jua tu; lakini kijiji kizima cha Yakobi kilikuwa kimefunikwa na ukungu tangu asubuhi.

Mumewe, Silvanus, alikuwa dereva wa greda la kuchonga barabara serikalini. Tangu afe, Oktavia, mama wa binti yao Jane, aliishi kwa pensheni ya mjane, nayo sheria ilikuwa moja: ukiolewa, inakoma. Ndiyo maana Enoki, seremala wa Makambako aliyempenda miaka mingi, alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Sasa dada wa dirishani, kule ofisi ya mfuko wa pensheni, alikuwa amemwambia, "Mama, sheria imebadilika. Hata ukiolewa utaendelea kulipwa. Nenda kafunge ndoa."

Jioni alimweleza Enoki. Kabla hajamaliza, harufu ya dizeli na udongo mbichi ikajaa sebuleni.

"Umemwaga nini?" Enoki akanong'ona.

"Sijamwaga kitu."

Toka hapo nyumba haikukalika. Mchana kweupe walisikia greda likinguruma kupanda kilima, likikaribia, likikaribia, mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, na walipotoka mbio hapakuwa na kitu barabarani ila ukungu, na ndani ya ukungu mtu akikohoa kile kikohozi ambacho Oktavia alikiuguza mwaka mzima, na waliporudi ndani wakakuta nyayo za tope zimeanzia mlangoni, zikaenda moja kwa moja hadi kitandani, zikaishia hapo, hazikurudi.

Wakamkimbilia shangazi yake Silvanus, mama Paskalina, ambaye Jumapili hakukosa misa lakini kusema na wafu wa ukoo alikujua. Alisikiliza, akashusha pumzi.

"Mwanangu, sheria ile ilikufunga wewe, ikamshika na yeye. Kila ulipokwenda kupokea pensheni, ulisema wewe ni wa Silvanus. Angeondokaje?"

"Sasa nifanyeje, shangazi?"

"Kamwambie mwenyewe kwamba amekufa. Hakuna aliyemwambia."

Kaburini, shangazi alimwaga ulanzi, pombe ya mianzi, na unga, akamwita marehemu kwa Kibena, lugha ya kwao. Oktavia akapiga magoti.

"Baba Jane, nilikupenda. Nilikuuguza, ukafa, nikakuzika. Mimi si mke wako tena. Nenda, baba. Tafadhali nenda."

Upepo ukapita juu ya mipaina, ukatulia. Harufu ikaisha. Nyayo hazikuonekana tena. Wakafunga ndoa Makambako, na Oktavia akacheka harusini mpaka watu wakamshangaa.

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwa Enoki alimpelekea chai. Enoki alikuwa ameketi dirishani, amempa mgongo, anatazama barabara.

"Chai hii, mume wangu."

Hakugeuka. Alipojibu, alijibu kwa Kibena safi, polepole, kama mtu aliyetoka safari ndefu. Enoki alikuwa Mkinga, mzaliwa wa Makete. Kibena hakukijua hata salamu.

"Weka hapo, Mama Jane," alisema. "Hiyo sheria yenu mpya, inasemaje mume akirudi?"