Kibati Kilichorudi Mahali Pake

Ubavu wa kompyuta ya studio ulikuwa wazi, na pale ilipopaswa kuwapo kadi ya picha, kile kipande kinachoharakisha kazi za picha, palikuwa patupu.

Inspekta aliinama akamulika tochi. Fundi wa kompyuta alimweleza kwamba aliitwa asubuhi hiyo kwa sababu mashine ilikuwa inajikokota. Alipoifungua, kadi aliyoifunga mwenyewe hakuiona. Mwenye studio, mpigapicha mwenye sauti kubwa, alikuwa ameshamaliza upelelezi wake: mwizi ni mlinzi, maana ndiye mwenye ufunguo wa akiba. Mlinzi alishapelekwa mahabusu ya kituo cha polisi. Mkewe alikuwa ameketi kwenye ngazi za kituo.

"Mara ya mwisho uliiona lini?" Inspekta alimuuliza mpigapicha.

"Siku ilipofungwa. Nani hukaa akichungulia tumbo la kompyuta?"

"Na skrini haikuzimika?"

"Hapana. Mashine ilikuwa nzito tu."

Inspekta akamgeukia fundi. Fundi akasema waya wa skrini alikuwa ameuchomeka kwenye kadi. Kadi ikitolewa, skrini huwa giza, mpaka mtu auhamishie waya kwenye tundu la kompyuta yenyewe, kwa kuwa ile ilizaliwa na uwezo wake mdogo wa picha.

Waya ulikuwa kwenye tundu hilo, umeingia barabara.

Mwizi gani huyu, Inspekta aliwaza, anayeiba kisha anahakikisha mwenye mali anaendelea na kazi?

Ndipo alipokiona kibati. Nyuma ya kasha, uwazi wa kadi ulikuwa umezibwa kwa kibati chembamba, kimekazwa kwa skrubu.

"Umekifunga wewe?"

"Siyo mimi," fundi alisema. "Nilikitoa siku ya kufunga kadi nikakiacha mezani. Nilijua kitatupwa."

"Humu ndani nani hatupi vitu?"

Mpigapicha alicheka. "Shangazi yangu, anayesafisha picha hapa. Ukitupa hata kifuniko cha kalamu, anakifuata kwenye pipa."

Kicheko kikamkatikia mdomoni.

Shangazi alikuwa chumba cha ndani, kwenye mashine yake ya zamani, akifuta mikwaruzo kwenye picha ya bibi harusi. Inspekta alivuta kigoda. Mpigapicha alibaki mlangoni.

"Mama, kile kibati ulikuwa umekihifadhi wapi?"

"Kwenye kopo la vifungo." Vidole vyake vikatulia. "Inspekta, mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Bado anafanya kazi?"

"Ukimwambia akae, anafua mapazia safi."

Shangazi alitabasamu kidogo. Akavuta boksi chini ya meza, akatoa taulo, akalifunua. Kadi ilikuwa ndani, haina hata vumbi.

"Sikuiuza. Tangu ilipokuja, kazi yangu ya siku nzima mashine ile inaimaliza yenyewe kabla ya chai. Akaniambia, 'Shangazi, sasa utapumzika.' Alisema kwa upendo, sikatai. Lakini nipumzike na nani? Nyumbani kwangu anayeongea ni redio. Nikaona mashine ikirudia uzito wake wa zamani, atanihitaji. Fundi alipokuwa anaifunga nilimtazama, basi nikafanya vilevile kwa kurudi nyuma."

"Na mlinzi?"

Hapo ndipo machozi yalipomlengalenga. "Walipomchukua nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Kadi ni upuuzi wangu. Kosa langu ni kule kunyamaza."

Inspekta alipiga simu kituoni: mlinzi aachiwe sasa hivi. Akamwambia Shangazi aandike maelezo, kisha amwombe radhi mlinzi yule mbele ya mkewe. Alikubali yote mawili.

"Ungeniambia tu, shangazi," mpigapicha alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imepotea.

"Ulishanipa mapumziko, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Mpigapicha alitazama sakafu. "Kesho tuna harusi mbili. Mashine haiwezi kujua bibi harusi ni yupi. Usichelewe."

Shangazi aliibeba kadi hadi chumba cha mbele. Alipiga magoti kando ya kompyuta, akafungua kibati, akairudisha kadi, akahamisha waya. Skrini ikawaka.

Kisha akakiweka kibati kwenye kiganja cha Inspekta.

"Kaa nacho wewe," alisema. "Kikibaki kwenye kopo langu, sijiamini."