Sauti Chini ya Mvumo

Fundi Melkior alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la Moshi. Baada ya mpaka wa Holili kufungwa, alikuwa mmoja wa wachache mjini waliobaki na valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani ya redio na amplifaya za zamani. Zilikuwa zikitoka Nairobi, sasa haziji. Watu walimletea mashine zilizokufa, naye akachomoa kilicho hai humu akakitia mule, na maisha yakaendelea.

Alikuwa Mfipa wa Sumbawanga. Alikuja ujanani kufanya kazi ya umeme kwenye mashamba ya miwa, na hukohuko akamwoa Dafroza, Mfipa mwenzake. Kwa miaka mingi chumba chao kilikuwa Ufipa ndogo chini ya Kilimanjaro. Dafroza alipofariki, hakubaki mtu wa kuzungumza naye Kifipa. Wakati mwingine, akiwa ameshika solda ya kuchomelea nyaya, Melkior alijisemesha mwenyewe maneno mawili matatu ili ulimi usisahau. Kisha alinyamaza, akaona haya, ingawa hakuna aliyemsikia.

Siku moja ya Julai Mchungaji Ebenezeri alishuka kutoka Kirua Vunjo kwa gari la maziwa, akamkuta kazini.

"Amplifaya ya usharika inavuma, fundi. Jumapili tuna kipaimara. Nikifungua mdomo, watu wanasikia nyuki."

"Ilianza lini?"

"Tangu alipofariki Mzee Eliufoo, mtunza kanisa wetu. Yeye ndiye aliyekuwa akiijulia."

Walipanda pamoja kesho yake asubuhi. Mlima haukuonekana, ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba tangu alfajiri. Mchungaji aliwasha jenereta nyuma ya nyumba yake, akamwonyesha fundi kanisa, akaomba radhi: alikuwa na mgonjwa wa kumtembelea ng'ambo ya mto.

Ndani ya kanisa palikuwa na mtu. Mwanamke mzee alikuwa amekaa benchi la mbele, karibu na meza ya amplifaya, amejifunga kanga kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Aikande, mjane wa Eliufoo. Funguo ninazo mimi sasa." Kisha akauliza taratibu, "Umekuja kuinyamazisha?"

"Nimekuja kuitengeneza tu."

Melkior aliona kwamba kucha za mama huyo zilikuwa zimejaa udongo mweusi, na ncha za vidole zimechubuka. Alidhani anatoka shamba.

Aliiwasha mashine. Valvu zikapata joto, zikawa nyekundu, na spika kubwa ya ukutani ikaanza kuvuma. Aliuchomoa waya wa maikrofoni. Mvumo ukabaki. Akapunguza sauti mpaka mwisho. Ukabaki vilevile. Alizima, akachomoa valvu ya kwanza, akawasha tena. Ukabaki. Basi tatizo halikuwa mbele, lilikuwa nyuma kwenye umeme wenyewe, na hapo anayelaumiwa kwanza ni kapasita, kile kikopo kinachousafisha umeme kabla haujafika kwenye sauti. Alikigusa. Kilikuwa kimevimba. Alitabasamu. Akakikata, akachomelea kingine alichokuja nacho mfukoni, akairudisha valvu mahali pake.

Mvumo ulikatika kabisa.

Chini yake palikuwa na sauti.

Ilikuwa ndogo, ya mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya milango kadhaa. Mwanzoni Melkior hakushtuka. Amplifaya ikilegea mahali huweza kudaka stesheni ya redio. Alikwishaona hayo mara nyingi. Alisogeza nyaya. Sauti haikubadilika. Akachomoa tena valvu ya kwanza. Haikubadilika. Aligeuka, akamwona Aikande ameinamisha kichwa kuelekea spika, uso wake umelegea kwa raha kama wa mtu anayeota moto.

"Sasa anasikika vizuri," alinong'ona. "Mungu akubariki."

Melkior alitoka, akaenda hadi kwenye jenereta, akaizima. Kijiji kizima kilikuwa kimya. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Alirudi ndani akijiambia kwamba umeme uliobaki kwenye kapasita utakwisha mara moja.

Valvu zilikuwa zimezimika. Zilikuwa za baridi. Sauti iliendelea.

Alichukua bisibisi, akazigusanisha ncha za kapasita ili kuumaliza umeme wowote uliomo. Haikutoka hata cheche. Na sauti ikawa karibu zaidi, ikapita mlango mmoja, ikapita wa pili, na hapo akaitambua.

Ilikuwa ya Dafroza.

Alimwita kwa jina la nyumbani. Kwa Kifipa. Kifipa cha kwao, na kile kicheko kidogo mwishoni. Njoo, alisema. Nina baridi. Melkior alikaa kwenye benchi. Hakukumbuka kukaa. Bisibisi ilikuwa imemdondoka. Njoo. Nina baridi. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta, kwa sababu hakuwa amesikia lugha hiyo kutoka mdomo wa mtu mwingine tangu siku ya mazishi, na alitaka isikome. Dirisha lilikuwa jeupe kwa ukungu alipokaa. Alipolitazama tena lilikuwa la kijivu, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi.

"Unamsikia mume wangu?" Aikande aliuliza kwa sauti ya chini.

Melkior aligeuka polepole.

"Mama. Anasema nini?"

"Neno lilelile. Niende kwake, ana baridi."

"Anasema kwa lugha gani?"

Aikande alimshangaa. "Kichagga, mwanangu. Kichagga cha hapa Kirua. Eliufoo angesema lugha gani nyingine?"

Njoo, ilisema spika. Nina baridi.

Kifipa.

Haikuwa Dafroza. Haikuwa Eliufoo. Kilikuwa kitu kimoja, kinawaita wawili.

"Mama, hizo kucha zako," alisema. "Umechimba wapi?"

Aikande alitazama ukutani, mahali ulipotokea waya wa athi, ule unaotoka kwenye mashine kwenda kuzikwa ardhini. Melkior aliinuka kwa shida. Aliufuata kwa macho mpaka kwenye tundu la ukuta, kisha akatoka nje, akazunguka nyuma ya kanisa.

Waya uliingia kwenye shimo. Shimo lilikuwa jipya, limechimbwa kwa mikono, na lilimtosha mtu kukaa amekunja magoti. Pembeni palitandikwa majani ya migomba, safi, kama ya kumpokea mgeni.

Alirudi mbio, akachukua koleo la kukatia nyaya.

"Usimkate!" Aikande alimshika mkono. Alikuwa na nguvu za ajabu. "Nyumbani hakuna mtu, fundi. Naamka, hakuna mtu. Napika mtori, hakuna mtu. Usimkate!"

"Mama, si yeye."

"Najua!"

Walitazamana. Spika ilinyamaza, kama inawasikiliza.

"Najua si yeye," alirudia, akinong'ona. "Lakini ananiita."

Melkior alielewa kuliko alivyotaka kuelewa. Kisha akaubana waya, akakata.

Haikutoka sauti yoyote. Ila ule upande uliokwenda ukutani haukuanguka. Ulinyooka. Ukakaza, ukavutwa kutoka nje, ukateleza sakafuni, ukaingia kwenye tundu la ukuta kama mkia wa panya. Alipokwenda kutazama, waya haukuwapo. Shimo lilikuwa limejifukia.

Aikande alilia mpaka mchungaji aliporudi. Melkior alikaa naye, hakumwacha peke yake.

Walichimbia athi mpya upande wa pili wa kanisa. Jumapili mashine ilisema safi, watoto wakapata kipaimara, watu wakamsifu fundi. Kwa ombi la Melkior, mchungaji alimpeleka Aikande kwa Mektrida, mdogo wa mama huyo, aliyeishi Kwa Sadala, na nyumba ya Kirua ikafungwa kwa kufuli.

Melkior akawa anakwenda kuwajulia hali siku za soko. Aikande alianza kunenepa. Alicheka alipomfundisha fundi Kichagga, naye fundi akamfundisha salamu za Kifipa, mama akizikosea kila mara. Siku moja ya baridi Aikande alimpa ufunguo.

"Ukipanda Kirua, niletee blanketi langu. Lipo kitandani."

Alikwenda mchana. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, akalifungua kwa taabu. Ndani palikuwa na joto.

Kwenye mafiga makaa yalikuwa mekundu. Vigoda vitatu vilikuwa vimesogezwa kuuzunguka moto. Kimoja kilikuwa na udongo mbichi, unaong'aa kwa maji. Viwili vilikuwa vimefutwa safi.

Melkior hakufika kitandani. Alifunga mlango, akashuka bila kutazama nyuma. Alipitia Moshi, akachukua blanketi lake mwenyewe, akapanda gari la Kwa Sadala. Safari nzima alisimama. Gari lilikuwa limejaa.

"Lako limeliwa na panya, mama," alimwambia Aikande. "Chukua hili."

Aikande hakulipokea. Alimtazama usoni.

"Lakini hukukaa," alisema. "Niambie hukukaa."

Melkior hakuwa amemweleza mtu habari za vigoda.

"Sikukaa," alisema Melkior. "Nilisimama mlangoni tu."

Mektrida alikuwa akipita nyuma yake na birika la chai. Akasimama.

"Fundi," alisema, "suruali yako huku nyuma ina udongo. Tena bado mbichi."