Hotuba ya Baba Mkwe Ilivyokula Barua ya Mke Wangu

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, nina kiduka cha kuchapa na kurekodi video za sherehe hapa Nyakato, Musoma. Ninayoyasimulia yananitia kichefuchefu hadi leo, na anayenichefua zaidi ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa na majivuno, ndugu wasomaji! Wenzangu walitumia barua pepe za bure za kwenye simu, mimi nikawacheka. Nikachukua kompyuta kuukuu, nikaiweka chini ya meza ya duka, nikaigeuza kuwa seva yangu mwenyewe, yaani mtambo wa kupokea na kutunza barua pepe. Mke wangu Paskazia nikamlazimisha atumie anwani ya humo. Alipoomba ufadhili wa kusomea ukunga nje ya nchi, akajaza hiyo hiyo. Aliutaka ukunga tangu dada yake alipofia njiani akipelekwa hospitali kutoka kijiji cha Buswahili, akiwa na uchungu wa kuzaa.

Wiki aliyosubiri majibu, seva ikagoma. Nikasoma ripoti ya makosa: databesi, yaani ghala la barua na paswedi zote, imeshindwa kuwaka kwa sababu diski imejaa. Tatizo dogo sana! Kwenye diski hiyo nilirundika pia video za wateja, na iliyojaza zaidi ilikuwa ya baba mkwe... sherehe yake ya kustaafu kule Butiama, saa tano za hotuba.

Ningeihamisha tu, basi. Lakini siku hiyo mzee mwenyewe alikuwa dukani. Akavuta kiti mbele ya kompyuta yangu.

"Video yangu isiguswe," akasema. "Mimi nilikuwaga natengeneza redio Bunda nzima, mkwe. Hii mitambo naijua."

Akanionyesha faili kubwa linaloitwa ibdata1. Eti hilo ndilo takataka, halina hata picha! Nilijua ni nini. Ndiyo databesi yenyewe! Nilijua pia kwamba kabla ya kugusa chochote unatoa nakala. Lakini kwetu baba mkwe habishiwi, hata kumtazama usoni naona haya. Nikanyamaza kama gunia la mihogo. Akafuta, akaniamuru niwashe upya.

Ikawaka! Mzee akajipigia makofi, akaondoka na soda mkononi. Ikawaka tupu, bila barua hata moja.

Nakala ya akiba? Bingwa kama mimi ya nini? Sikuwahi kutoa.

Paskazia nikamwambia ni hitilafu ndogo. Siku tisa nikahangaika kuijenga upya, na kila asubuhi nikamdanganya. Siku ya kumi msichana wa Bunda aliyeomba naye akampigia kumuuliza mbona hakuthibitisha, wenzake wanaondoka! Paskazia akaazima anwani ya rafiki yake, akawaandikia wafadhili. Wakamjibu kwamba barua ya kumkubali waliituma (usiku wa kuamkia siku seva ilipogoma, ikafutwa na nyingine zote), ya kumkumbusha ikawarudia, na nafasi wameshampa mwingine.

Ikabidi nimweleze jinsi baba yake alivyofuta lile faili. Hakulia. Aliniuliza, "Baba alipofuta, wewe ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Na ukamwangalia tu?"

Tangu siku hiyo huniita fundi, na anavyolitamka hilo neno ni bora angenitukana.

Na mzee je? Anatamba Butiama kwamba mashine ya mkwe wake ni mbovu, bahati nzuri yeye aliwahi kuokoa video! Jumapili iliyopita alikuja na wageni, akataka waione. Paskazia ndiye aliyeiweka. Akakaa nao, akaitazama mpaka pale baba yake anaponyanyua glasi na kuutangazia ukumbi, "Huyu binti yangu atakuwa mkunga!" Wageni wakapiga makofi. Mzee naye akapiga.

Ndugu zangu, toeni nakala kabla ya kugusa chochote. Na mkiona mkubwa anaharibu, semeni hapana, hata kama sauti inatetemeka... Mimi niliona haya kumtazama baba mkwe usoni kwa dakika moja. Sasa ni mke wangu nisiyeweza kumtazama.