Sindano Iliyorukwa

Kaka yangu anaoka mikate. Mtaani wanamwita Bwana Hamira. Mkewe, yaani wifi yangu, ni fundi cherehani. Mimi naishi nao. Walikaa miaka saba bila mtoto, na wifi alishachoka kuulizwa, "Vipi, bado?"

Mwishowe walikwenda kliniki. Daktari alisema, "Tutayasaidia mayai yako ya uzazi yakue mengi kwa pamoja. Kisha tutayatoa na kuyaunganisha na mbegu za mumeo."

Akampa sindano za homoni. Kila jioni, saa ileile, alijidunga tumboni, chini ya kitovu. Wala hakuogopa. "Sindano za cherehani zimeshanichoma vidole vyote," alisema.

Siku moja kazi ya kushona sare za shule ilimwelemea. Alirudi hoi, akalala fofofo. Asubuhi nikasikia kilio jikoni.

"Sikujidunga jana! Jamani, nimeharibu kila kitu!"

Kaka akafungua friji. "Usilie, mke wangu. Dunga mbili kwa mpigo. Mimi unga ukigoma kuumuka, naongeza hamira, mambo yanakwisha."

"Ala! Tumbo la mkeo ni beseni la unga?" nilimuuliza. "Tupige simu kliniki."

Wifi akanishika mkono. "Usipige! Watatuona wazembe, watatuondoa kwenye matibabu."

Kuuliza si ujinga. Nilikimbia kwa jirani yetu, muuguzi. Alikuja na mswaki mkononi.

"Shemeji, rudisha hiyo dawa," alimwambia kaka. "Haidungwi mara mbili kufidia. Ikizidi, ovari, yaani vifuko vya mayai, zinaweza kuvimba mno, tumbo likajaa maji, hata kupumua kukawa shida."

"Basi ndiyo imekwisha?" wifi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani kasema? Kuruka sindano moja si lazima kuharibu kila kitu. Ila usijiamulie. Kliniki wanaijua dawa yako na wanajua mayai yamefikia wapi. Waambie kweli. Ukificha, watapanga dozi kwa kubahatisha."

"Kwani kudunga saa ileile kuna kazi gani?" kaka aliuliza.

"Dawa hupungua mwilini. Ukidunga kwa wakati, mayai yanakua bila kukatizwa. Na ile sindano ya mwisho, ya kuyakomaza, saa yake haichezewi kabisa. Saa ya kuyatoa inapangwa kwa kufuata hiyo."

Wifi alipiga simu kliniki. Mhudumu wa kliniki hakumfokea hata kidogo. Alimuuliza daktari, akamweleza wifi dozi inayofuata aidunge lini, akamwita aje apimwe kesho yake.

Kesho yake daktari alitazama picha ya ovari. "Yanakua vizuri," alisema. Wifi akashusha pumzi, nami nikashusha yangu. Nilikuwa sijala tangu jana.

Tangu siku hiyo simu zetu zote tatu zililia kengele kila jioni. Sare zikizidi, kaka alimpelekea wifi dawa kazini, ndani ya mfuko wa barafu. Sindano ya mwisho ilidungwa saa ileile waliyopewa. Mayai yakatolewa, yakaunganishwa na mbegu za kaka, na baadaye kiinitete, yaani yai lililoanza kukua, kikapandikizwa tumboni mwa wifi.

Siku ya majibu ya kipimo cha mimba, kaka alikuja mbio kutoka kwenye tanuri, unga mpaka viwikoni. "Wamesemaje?"

Wifi alimtazama. Kisha akamwita jina ambalo alikuwa hajawahi kumwita.

"Baba mtoto."

Kaka alikaa chini palepale sakafuni, akalia kwa furaha.